Posa Iliyopitia Mlango wa Mizigo

Habari hii nikiisimulia huwa naangalia chini, maana hata sasa masikio yanapata moto, lakini mmenibana sana jamani, basi sikilizeni, na mkicheka chekeni taratibu kwa sababu aliyekuwa anaposa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Arusha yameanza kujaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu, na Bamdogo wangu wa Themi alikuwa na Pijo ya zamani, ile ndefu yenye mlango wa mizigo nyuma, mimi ndiye dereva wake, huku naota siku moja nitabeba watalii (darasa la saba langu hilo hilo, lakini kuota hakuna ada). Gari lilikuwa na tatizo moja: likishika kasi barabara ya Moshi, upepo unapenya kwenye milango ya abiria na kupiga mluzi, fiiii, mpaka watu wanaongea kwa kupayuka. Na wiki ile ndiyo Bamdogo na Shangazi walikuwa wanakwenda kuniposea Elinipa, kwao Nkoaranga, huko juu mlimani. Nikawaza, wasemaji wangu wafike sauti zimewakauka? Haiwezekani.

"Liache gari langu kama lilivyo," Bamdogo alisema. "Limepiga mluzi tangu wewe unatambaa."

Sikuliacha. Nilichana gazeti vipande, nikawa naweka kipande ukingoni mwa mlango, nafunga, halafu nakivuta: kikigoma, mpira wa mlango unabana, kikichomoka kirahisi, hapo ndipo upepo unapopita. Milango ya abiria karatasi zilianguka zenyewe kabla hata sijazigusa. Basi nikakata tyubu ya baiskeli, nikabandika juu ya mpira wa zamani kwa gundi mpya ya viatu iliyotoka Nairobi, nikaziba na vioo kuzunguka, na asubuhi ya safari nikaongeza gundi nyingine kwa mapenzi tu (hapo ndipo nilipojimaliza). Muuzaji aliniambia niiache ikauke mlango ukiwa wazi, ila Shangazi alishatoka na kitenge chake kipya anasema tunachelewa, nami nikawafungulia kwa heshima zote, wakakaa nyuma kama wakubwa, nikafunga. Pwaa.

Njiani kimya, jamani! Bamdogo akasema, "Leo nasikia hata saa yangu ya mkono." Nikavimba kichwa, nikajiona fundi.

Tukaingia uani kwa akina Elinipa. Ukoo wote umesimama, baba yake mbele na koti lake la kanisani, bibi yake kwenye kigoda. Mjue, siku kama hiyo, ukiacha kukaribishwa, hakuna neno lolote linalosemwa kabla msemaji wa posa hajashuka akamwamkia bibi. Mimi nikaruka nje kwa mlango wangu, nikaufunga, nikasimama pembeni kwa adabu, nikingoja wazee washuke.

Hawakushuka.

"Karibuni, wageni," alisema baba yake Elinipa.

Kupitia kioo nikamwona Bamdogo anafungua mdomo, bila shaka ilikuwa shikamoo, ila hata herufi moja haikutoka nje, nilivyoziba mimi! Baba akangoja. Akakaribisha tena. Bamdogo akaanza kugonga kioo kwa ngumi, macho yamemtoka.

Bibi akaninyooshea fimbo. "We kijana, huyo mzee wako hatuamkii, halafu anatuonyesha ngumi?"

Nikakimbilia mlango, nikavuta, kitasa kikabaki mkononi. Nikazunguka upande wa pili, nikavuta mpaka gari likatikisika, Shangazi ndani anapiga ishara ya msalaba na sisi ni Walutheri. Kupita juu ya viti vya mbele wasingeweza, kwa miili waliyojaliwa. Ikabaki njia moja tu, kulaza kiti cha nyuma watokee mlango wa mizigo, ambao sikuuziba kwa kuwa tyubu iliisha.

Kwa hiyo mbele ya ukoo mzima, msemaji wangu akatoka kinyumenyume, suruali kwanza, na Shangazi akafuata akiwa amekumbatia blanketi la zawadi, kiatu kimoja kimebaki ndani. Elinipa alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na mimi nikajua analia, moyo ukanivunjika vipande.

Baba yake akamtazama Bamdogo anavyojipangusa magoti. "Ndugu yangu, posa hatupokei kwa mlango wa mizigo. Nendeni, mrudi na mbuzi wa kufidia salamu ya bibi, ndipo tutaongea." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, unataka mke au unataka gereji?"

"Mke, baba," nilisema, na kitasa bado ninacho.

Tulirudi baadaye na mbuzi, tukiwa kwa miguu kutoka barabara kuu, maana Shangazi aliapa hapandi tena gari lile. Posa ikapokelewa (na Elinipa akaniungamia kwamba siku ile alikuwa anacheka mpaka mbavu zinamuuma). Tangu hapo gundi siigusi, hata soli ya kiatu ikibanduka naifunga kwa kamba. Yule mbuzi hawakumchinja, walimwita Salamu, akazaa, na kila nikienda ukweni bibi hataki mkono wangu mpaka nikasimame kwanza zizini nimwamkie mbuzi, kwa sauti ya kusikika.