Duka la Mama Ndani ya Kompyuta

Harufu ya vumbi likichomeka ndani ya kompyuta bado hunirudisha Kitengela, kwenye nyumba yetu ya kupanga kando ya barabara ya malori ya mawe. Vumbi liliingia hata kwenye sukari. Ndiyo maana Mama, kama akina mama wote wa ploti yetu, alifunika kila kitu kwa vitambaa vya kufuma: makochi, redio, hata sanduku la kompyuta. Halafu akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, vitambaa vikabaki. Likabaki pia duka lake. Halikuwa duka la kweli, ulikuwa mchezo wa mtandaoni, unakaanga chapati na kuwapa wateja kabla hawajakasirika. Jioni alikuwa akiucheza na mdogo wangu Nekesa, na siku ya kuondoka alimwambia amwangalizie duka. Sidhani alimaanisha kitu kikubwa. Nekesa, mtoto wa miaka saba, alilichukua kama kazi.

Mwaka mpya ulipoanza, michezo ya namna ile ikafa. Wenye programu iliyoichezesha waliizima, na kila tulipofungua ukurasa tuliona boksi la kijivu tu. Wiki hiyohiyo simu ya Mama ikawa haipatikani. Mimi sikusoma sana, kwa hivyo sitaki kujifanya najua yanayopita kichwani mwa mtoto, lakini Nekesa aliyaunganisha mambo hayo mawili. Duka likifungwa, Mama hayuko. Akaanza kukataa chakula. Ugali aliupapasa akaurudisha sahanini. Baba alimbembeleza, akamfokea, akambembeleza tena.

Brayo, binamu yetu wa Nkoroi, akaja na jibu: kuna saiti inayotoa ile programu ya zamani bure, unabonyeza tu. Mfa maji haachi kutapatapa, mimi ningebonyeza. Baba alikataa. Kompyuta ile iliwahi kuingiliwa na virusi kutoka kwa flash ya mtu, na kazi za kuwachapia watu, zilizotulisha tangu kiwanda kimwachishe kazi, zikapotea. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wakati huo nilimwona mkatili. Leo naona alikuwa sawa, ingawa si yeye aliyelala kitanda kimoja na Nekesa akisikia tumbo lake likinguruma.

Brayo hakununa, kwa hilo namsifu. Baada ya siku kadhaa alirudi na njia nyingine. Kuna watu wanaopenda michezo hiyo ambao wamehifadhi mafaili yake, na kuna programu mpya inayoiga ile ya zamani. Hiyo aliichukua kwa walioitengeneza wenyewe, akaipitisha kwenye antivirusi mbele ya Baba. Kisha akatafuta faili dogo lililoshika kumbukumbu ya duka la Mama, akalinakili kwenye flash mpya, akampa Baba aiweke mfukoni. Mwisho akazima mtandao.

"Anko, sasa hakuna kinachoingia wala kutoka," alisema.

"Ikiharibika, wewe ndiye utawaambia wateja wangu," Baba akamjibu.

Alikuwa katikati ya kuliingiza lile faili skrini ilipogeuka nyeusi. Harufu ile ikajaa chumba. Baba alishika mfuko wake. Brayo akainama chini ya meza, akainuka na kitambaa kizito cha Mama, kikiwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi. Kilikuwa kimeziba matundu ya feni. Nekesa alikuwa amelifunika sanduku likiwa linawaka, sisi tumekazia macho skrini.

"Mama alisema vumbi litaingia," alisema.

Hatukumgombeza. Tulingoja chuma kipoe, Nekesa akiuma kola ya sweta. Mashine ilipowaka, faili la ndani lilikuwa limeharibika. Baba akatoa flash mfukoni bila kuulizwa. Duka likafunguka, sufuria zote mahali pake. Nekesa alimhudumia mteja mmoja, kisha akauliza kama ugali umebaki.

Simu ya Mama ilikuja baadaye sana. Bosi wake alikuwa amemnyang'anya simu yake. Sisemi duka ndilo lililomfanya apige. Mwaka juzi alirudi, na majuzi nikauweka mchezo ule kwenye laptop yangu kwa njia ya Brayo, mtandao umezimwa, nikamwonyesha. Alicheka. "Na hili duka ni la nani?" Nekesa, ambaye sasa ananipita kwa kimo, alisema, "Ni lako," akatoka nje. Simlaumu Mama. Huko alikuwa na mengi ya kukumbuka, na pengine mengi ya kusahau. Siku hizi anafanya biashara ya mbuzi. Akienda Mashuuru na simu yake ikakosa mtandao, Nekesa hafungui kompyuta. Husimama kwa geti akiangalia barabara. Maisha yetu yana nafuu kuliko zamani, siwezi kudanganya. Ila zamani, kwa lile duka, tulikuwa na mahali pa kumtafuta.