Dresa Hataki Tena Kuitwa Dresa

“Mimi siwezi kumwita mtu kwa cheo alichopewa jana tu!” nilifoka, suruali nimeishika mkononi, jipu la makalio likinipwita. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati yetu, huku nje kidogo ya Iringa, aliinua sindano na hakuishusha.

“Udresa umekwisha, mzee. Serikali sasa inatuita Waganga Wasaidizi.”

“Sindano imebadilika?”

“Ni ileile.”

“Na dawa?”

“Ileile.”

“Basi na wewe ni dresa yuleyule!”

Mama mmoja aliyengoja zamu mlangoni akaingilia kwa salamu ya Kihehe. “Kamwene, karani! Mkubalie tu, na sisi tutibiwe.”

“Karani nani?” Niligeuka kwa hasira, suruali ikaniponyoka. “Mimi ni mwandishi wa gazeti!”

Benchi zima likaangua kicheko. Dresa hakucheka.

Mimi husema mambo waziwazi, basi na hili nalisema: uandishi nilijifunza mwenyewe, na cheo hicho nilijipa mwenyewe. Yeye chake amepewa, baada ya kuosha vidonda vya nchi nzima hii, vyangu vikiwamo. Nikapandisha suruali nusu, nikainama tena.

“Bwana Mganga Msaidizi, cheo chako nimekupa. Sasa nipe sindano yangu.”