Wiki ya Mtihani wa Arvil

Dada yangu Lurene alikuwa mkali, na asikudanganye mtu kwamba maradhi yalimlainisha. Hata alipobaki mifupa na macho, Arvil Stidham akikosea hesabu pale kwenye meza yetu ya jikoni, penseli ilimpata kichwani.

"Arvil! Nusu ya robo ni nini?"

"Ni... kidogo sana, Mwalimu."

"Kidogo kama akili yako. Andika!"

Arvil alicheka mpaka meza ikatikisika. Baba mzima huyo, ana mabinti wawili, ameacha shule akaingia mgodini, na sasa mgodi wenyewe umefungwa. Mtambo wa maji wa wilaya ulikuwa tayari kumwajiri, ila bila cheti cha sekondari hakuna kazi. Ndiyo maana kila Jumanne na Ijumaa alikuja kwetu kujiandaa kwa ule mtihani wa watu wazima walioacha shule, ambao ukifaulu unapewa cheti chenye uzito uleule. Lurene alimfundisha bure. Mimi kazi yangu ilikuwa kupika maharage na mkate wa mahindi, na kuwasikiliza wakigombana.

Mwaka uliotangulia mtihani hata hakuufikia. Mzee Kermit, jirani yetu, alikuwa anazikwa siku hiyohiyo, na Arvil akageuza gari njiani. Huku kwetu bondeni, mashariki ya Kentucky, kaburi halichimbwi kwa mashine wala na mtu wa kulipwa. Wanakuchimbia waliokupenda, kwa sururu na koleo, asubuhi ileile ya maziko, kwa sababu kuliacha wazi usiku kucha ni mwiko. Na hakuna aliyechimba kama Arvil. Alimchimbia mama yake, akamchimbia marehemu mume wangu, kuta zimenyooka utadhani zimepigwa randa. Jioni ile alikuja kwetu ana udongo mpaka kwenye nyusi. Lurene akamtazama, akamwambia neno moja tu: "Toka." Kesho yake akampigia simu arudi darasani.

Sasa Juni hii, mtihani umekaribia, Lurene akaniita kitandani.

"Mozelle, nikifa wiki ya mtihani, usimwambie."

"Dada, acha maneno hayo."

"Siachi. Ukimwita yule akaja na koleo lake, haki ya Mungu nitafufuka nikuchape mbele ya watu."

Nikamwahidi. Ungefanyaje? Arvil mwenyewe alijua Mwalimu anaumwa, ila Lurene alimdanganya kuwa ni tumbo tu, litapoa.

Jumapili Arvil akaenda mjini, mwendo wa saa mbili, akafikia kwa binamu yake. Karatasi zilikuwa nne, kila siku moja, Jumatatu mpaka Alhamisi. Lurene akafa Jumatatu alfajiri. Alishakataza asitiwe dawa za kuhifadhi maiti, na joto la Juni halina huruma. Kumweka kupita Jumatano kusingewezekana.

Mchungaji Hobert alikuja na kofia mkononi. "Dada Mozelle, Arvil keshaambiwa?"

"Hajaambiwa, na haambiwi."

"Hii si haki."

"Basi nenda kamwambie Lurene, yuko chumbani."

Akavaa kofia yake, akaenda. Retha, mke wa Arvil, alilia sana, lakini naye akakubali. Kazi ile waliihitaji.

Jioni simu ikalia. Lurene yuko sebuleni ndani ya sanduku, majirani wamemzunguka wanaimba. Nikawapungia mkono wanyamaze.

"Bi Mozelle! Nimefaulu kusoma na kuandika! Nipe Mwalimu!"

"Hataki," nikasema. "Anasema usimsumbue mpaka umalize zote."

Akaangua kicheko. "Ndiye mwenyewe huyo! Mwambie nusu ya robo ni moja ya nane."

Nikasema nitamwambia. Nikaweka simu, nikatoka nje kwenye banda la kuku, nikalia mpaka kifua kikauma. Jumanne akapiga tena, nikadanganya tena. Siku zile nilimchukia dada yangu, Mungu anisamehe, maiti yake iko mbele yangu na mimi namchukia.

Jumatano walichimba wanawe Hobert, vijana wazuri lakini mikono laini. Wakakutana na mwamba, wakauzunguka badala ya kuuvunja. Sanduku liliposhushwa likakwaruza ukuta, likakaa upande. Watu wote waliona.

Alhamisi, jua linazama, nikasikia honi tangu darajani. Arvil akaruka ngazi na karatasi mkononi. "Mwalimu! Mwalimu wee! Hesabu nimeiua!"

Akaingia jikoni, akasimama. Meza imejaa mabakuli ya watu, yamebandikwa majina ya wenyewe, kama inavyokuwa kwetu kila nyumba yenye msiba. Hakuhitaji kuelezwa.

"Lini?"

"Jumatatu."

"Nilipopiga simu..."

"Alikuwa keshakufa, baba."

Akatoka, akapanda kilimani. Nikamfuata natweta. Nilimkuta anaangalia kaburi, upande mmoja umeshaanza kutitia.

"Nani kachimba?"

"Wanawe Hobert."

Akapiga magoti, akawa anasukuma udongo kwa viganja kuujaza pale palipotitia.

"Alitaka mwenyewe, Arvil. Alinilazimisha."

"Najua alitaka. Mtihani ningeurudia, Bi Mozelle. Hata mara kumi ningeurudia. Hili nitalirudia lini?"

Kazi aliipata. Kila asubuhi anapita hapa na gari la mtambo, ananiinulia mkono, hashuki. Retha anasema cheti kiko kabatini chini ya mashuka, hataki kitundikwe.

Juzi nilimsimamisha barabarani. Mimi nami nimezeeka, kifua hiki hakinidanganyi.

"Arvil, mimi nikifa, utanichimbia?"

Akazima injini. Mikono ikabaki kwenye usukani.

"Nitakuchimbia, Mama," akasema. "Ila waambie waniite."