Kiboko Aliyemchekesha Mama Mkwe

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliyofukuzwa kwenye sinema nikiwa mwalimu mzima, tai shingoni. Nakusimulia kwa sababu juzi nimekusikia ukiwadharau watu waliokuwa wakicheka video ya kipuuzi kwenye simu, ukauliza kama wamekosa kazi ya kufanya. Hata mimi niliuliza hivyo wakati wangu. Kaa basi, chai bado ni moto.

Nilikuwa nafundisha Kosele, na nilikuwa nimemchumbia Akinyi wa Rodi Kopany. Mambo yetu yalikuwa yamekwama. Baba yake alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na tangu siku hiyo mama yake hakwenda tena sokoni kuuza samaki. Alishinda ndani, akijibu salamu kwa kichwa tu. Akinyi aliniambia wazi kwamba hataolewa na kumwacha mama katika hali ile, na kwamba nikichoka kungoja nitafute mwingine. Sikuchoka, ila nilijiona mjuzi. Nilituma sukari, nikatuma barua za kufariji, mistari ya Biblia nimeipanga kwa wino mwekundu. Hazikusaidia kitu.

Sasa vijana wa kanisa moja la Rodi wakaleta sinema, mchana, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa magunia. Ilikuwa ya Kiingereza na mkalimani wao hakufika, kwa hivyo waliponiona sokoni wakaniomba niwasaidie. Nikasimama mbele, kando ya shuka jeupe, nikiwatazama watu. Macho yalipozoea giza ndipo nikaona mstari wa tatu: Akinyi, nyanya yake, na katikati yao mama mkwe wangu mtarajiwa. Akinyi alikuwa amembembeleza atoke nyumbani angalau siku moja, bila kujua kwamba mimi ningekuwapo. Mlango nao ulikuwa nyuma yangu, na ukumbi umejaa pomoni, kwa hivyo mama hangeweza kutoka bila kupita karibu nami.

Nyinyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu, kwa hivyo acha nikueleze. Kwetu, mtu na mama mkwe wake waliheshimiana kwa mbali. Hukula mbele yake, hukumtazama usoni, na yeye hakufungua kinywa kucheka mkwe akimwona.

Na sinema yenyewe! Ilikuwa katuni ya watoto iliyogeuzwa ikaigizwa na watu. Familia imefuga kiboko ndani ya nyumba, analala bafuni, anavunja vitanda, na baba anahangaika kumficha ili landilodi asijue. Watoto walikuwa wakigaragara sakafuni. Mzee mmoja ambaye viboko wa ziwani walikuwa wamemmalizia mahindi alisimama akapiga kelele, "Msimpe mkate huyo! Mnamzoesha vibaya!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitafsiri huku uso umenikauka. Nilimwona mama amejifunika leso mpaka machoni, mabega yanatetemeka, nikasadiki kwamba analia. Nikajiambia, mjane wa watu ameletwa kutazama upuuzi huu.

Mara baba wa kwenye sinema akamvisha kiboko gauni na kofia ya maua, akamketisha mezani, akamwambia landilodi kwamba huyu ni mama mkwe wake. Hapo nikanyamaza. Sikutafsiri. Lakini wanafunzi wa sekondari walikuwapo, na mmoja akapaza sauti, "Amesema ni mama mkwe!" Ukumbi mzima ukanitazama mimi, kisha ukamgeukia mama.

Nikamwamuru mwenye mashine aisimamishe. Nikaanza kuwahutubia, mwanangu, kama niko gwaride la asubuhi: kwamba kiboko hawezi kuvaa gauni, kwamba tunapoteza wakati, kwamba humu ndani kuna mtu mwenye majonzi na tunapaswa kuona haya.

Nyanya yake Akinyi akainuka na bakora yake. Nyanya kwetu ana ruhusa ya kumtania mkwe atakavyo, lakini hakuwa anatania.

"Orwa," akaniita, yaani mkwe wetu, "wewe toka nje."

"Dani," nikamwita, yaani nyanya, "nani atatafsiri?"

"Kwani kiboko anaongea Kizungu? Toka! Mtoto wangu anakufa na kicheko hapa juu yako. Tangu tuzike bwanake hajacheka. Leo kimekuja, halafu wewe unasimama hapo kukiziba."

Nilitoka. Nikasimama juani karibu na ukuta, watu wa sokoni wakinishangaa. Ndani mashine ikawashwa tena. Nikasikia watoto, nikasikia yule mzee wa mahindi, kisha ikatoka sauti nisiyoijua. Ilianza kama mtu anayepaliwa na chai. Ikasita, ikarudi, ikapanda juu ya sauti zote, na wengine wakaanza kuicheka hiyo sauti badala ya sinema. Naapa, nilivua kofia nikaishika mkononi kama nimeingia kanisani.

Akinyi akatoka mbio, machozi yanamtiririka. "Umesikia? Huyo ni mama."

Nilikuwa nikiwaza barua zangu zote, na hekima yote niliyojidai nayo, na jinsi kiboko mwenye kofia ya maua alivyofanya kwa saa moja kazi iliyonishinda mwaka mzima.

Jumatatu mama alirudi sokoni na beseni la samaki. Kabla mwaka haujaisha alituma ujumbe kwamba Akinyi yuko tayari kuolewa, na kwamba mwalimu asilete barua tena. Tulimzika mwaka jana akiwa mzee sana. Miaka yote hiyo aliniheshimu, na sikuwahi kuliona tabasamu lake hata mara moja. Kicheko chake nakijua, kwa kuwa siku moja nilikubali kutoka nje.

Kwa hivyo, mwanangu, ukikuta watu wanacheka jambo ambalo wewe huoni maana yake, usiwahutubie. Hujui nani kati yao alikuwa hajacheka tangu lini. Tazama kwanza kama si wewe unayewabana, na kama ni wewe, chukua kofia yako utoke taratibu, bila kununa.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe nyumba yenye kelele za furaha. Na siku atakapokuweka nje ya mlango, akujalie masikio ya kushukuru kwa unachokisikia.