Mtindi wa Mwalimu Wangu wa Chuoni

Kazi ya maabara ya chakula inataka mtu anayejua kunyamaza, na mimi ni mtoto wa Pemba. Kwetu mtu hapiti mbele ya mwenzake bila kumwamkia, na salamu zenyewe si neno moja. Utaulizwa hali, utaulizwa watoto, utaulizwa yule mgonjwa wa juzi. Sasa kaa mbele ya moto wa spiriti, sahani ya kuoteshea vijidudu iko wazi, mtu aingie na "Asalaam alaykum" ya furaha. Ukimwitikia, mate yanaruka, na kesho yake sahani imeota madoa ya vijidudu vya kinywani mwako. Mkubwa wetu wa maabara alikuwa akinionyesha. "Hili ndilo salamu," akisema, "na hili kubwa hapa ndilo mgonjwa wa juzi."

Nikajifunza kuitikia kwa nyusi. Nikajifunza kupitisha mdomo wa chupa motoni, kuinua kifuniko cha sahani kidogo tu, na kutompa mtu mkono nikishajipaka spiriti. Mama yangu alipopata habari kwamba ule ute tunaooteshea vijidudu hutokana na mwani, alicheka mpaka akakaa chini. Ni mwani wa aina nyengine, si huu anaoulima yeye, lakini hakutaka kusikia. "Mumesomeshwa kote huko mukapike mwani!"

Basi siku moja ukaletwa mtindi kutoka Vitongoji, na mwenye mtindi alikuwa mwalimu wangu wa chuoni, bibi aliyenifundisha Kurani nikiwa sijui kujifunga ushungi. Macho yalipoanza kumsumbua aliwaachia chuo wengine, akabaki na ng'ombe wake. Mtoto wake wa pekee anaishi Dar es Salaam na alikuwa amekwisha kuamua kuja kumchukua. Waliafikiana hivi: duka kubwa la Chake Chake likikubali kuuza mtindi wake, abaki kwake, likikataa, afuatane na mwanawe. Na duka halikubali mtindi bila cheti chetu.

Mtindi ukafeli. Tuna sahani nyekundu zinazootesha wadudu wa chooni tu, wale wema wanaogandisha maziwa hawaoti humo, na sahani zake zilikuwa zimejaa. Yule bibi ninamjua, anaosha hata kuni.

Nikamuuliza mwenzangu aliyekwenda kuchukua sampuli ilikuwaje. Akanisimulia kwa raha. Alikaribishwa vizuri mno! Bibi alikataa katakata mgeni wa serikali achote kwenye ndoo kama anayenywesha ndama. Alitoa bakuli la maua kabatini, akalisuuza kwa maji ya kisima, akalifuta kwa pindo la kanga aliyojifunga, akamimina mtindi. Ndipo mwenzangu akaujaza kwenye chupa yake.

Kumbe tulipima kisima na kanga. Mtindi wenyewe hatukuugusa.

Mkubwa wetu alinisikiliza, akakubali sampuli ya pili, ya mwisho, na akasema niende mimi. Niliogopa. Kukataa bakuli la mtu ni kumwambia kwamba kwake hakuliki, na huyu si mtu tu, ni mwalimu wangu.

Nilipofika nikamaliza salamu zote mlangoni, zote kabisa, ili nisibaki na deni. Hata hivyo bakuli likatoka kabatini.

"Mwalimu, naomba leo nichote ndooni."

"Ndooni? Weye mwanangu nikupe kitu ndooni?"

"Duka litauza cha ndooni, mwalimu. Si cha bakulini."

Akaniangalia kwa macho yale yasiyoona vizuri, ambayo bado yananifanya ninyooshe mgongo. Akalirejesha bakuli kabatini. Nilijisikia vibaya sana.

Nikajipaka spiriti, nikavaa glavu, nikafungua ndoo, nikatoa kijiko kisafi kwenye karatasi yake. Ile nimefungua mfuko wa sampuli tu, naye akanigeukia.

"Mamako hajambo?"

Kimya.

"Nakuuliza, mamako hajambo? Na huyo mumeo?"

Nikainua nyusi. Hakuziona.

"Ndivyo nilivyokufunza mie? Mtu mzima akikusemesha unakaa kama gogo?"

Nikachota, nikafunga mfuko, nikausokomeza kwenye boksi la barafu, kisha nikafyatuka: "Mama hajambo anakusalimu mume hajambo watoto hawajambo, niwie radhi mwalimu, nikisema mfuko uko wazi mate yangu yanaingia, na wewe ndiye utakayepelekwa Dar!"

Akaanza kucheka, mikono magotini. "Kumbe yataka adabu ya msikitini," akasema. "Ungelinambia mapema, nikanyamaza na mie." Akaniuliza nikikosea tena itakuwaje. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna mara ya tatu. Hakucheka tena. Alinisindikiza mpaka barabarani, na njia nzima hakunisemesha.

Siku ile ile niliuotesha ule mtindi kwenye sahani nyekundu, na asubuhi ya pili nilifika maabara kabla ya mwenye funguo. Alipofungua, nikatoa sahani kwenye mashine ya joto, nikaziinua dirishani moja moja. Zilikuwa nyekundu tupu, hazina hata doa. Nikamwita mkubwa wetu azione kwa macho yake, naye akazigeuza, akazigeuza, akasema umepasi.

Nikampigia simu mwalimu. Mtoto wake alikuwa amekwisha kufika kutoka Dar, nilimsikia nyuma akiuliza nani anapiga. Nikasema, "Mwalimu, mtindi wako msafi." Kisha nikaisikia sauti yake ikiwa mbali na simu, akimwambia mwanawe polepole:

"Wende salama, mwanangu. Mie nna ng'ombe wa kukama."