Wasifu wangu unajua Kiitaliano, mimi sikijui

Jamani, leo nlitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nlikwenda Matemwe kwenye usaili wa kazi ya mapokezi hotelini. Wasifu nliandikiwa na akili mnemba ya kwenye simu, nkautuma bila ya kuusoma.

Meneja, Bi mmoja wa makamo, akanikaribisha vizuri. Mara akaanza kumwaga Kiitaliano.

Nkaitika, "Naam?"

"Si umeandika unakizungumza?"

Uso ukanishuka. "Samahani Bi, iliandika simu. Mimi sikusoma."

Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Mwanangu, na barua za wageni utazisoma?"

Nkaaga, nkatoka.

Kazi sikupata. Someni wasifu wenu kabla ya kutuma.

Nichekeni, ila msimwambie mama. Keshawatangazia majirani kuwa nnaanza Jumatatu.