Tafsiri ya Ami Nassor

Kila nikisikia harufu ya udi iliyochanganyika na ya mashine iliyopata moto, narudi sebuleni kwetu Walthamstow, London, Jumapili mchana, mwaka ule Ami Nassor, tuliyemwita ami kwa heshima tu, alipokuja kumposa khalati yangu Zuwena, ndugu yake mama. Video yetu ilikuwa na tabia mbaya ya kutafuna kanda, lakini hatukuacha kuiwasha. Ami alikuwa akipitia Edgware Road kwa Waarabu, akikodi filamu za Misri na kutuletea pamoja na baklawa. Kiarabu chetu kiliishia kwenye kuswali. Yeye alisoma Cairo, basi alikaa kwenye mkono wa kochi akitutafsiria, sauti nyembamba kwa wanawake, nene kwa mapolisi, hadi mama akashika mbavu. Khalati alicheka kuliko wote. Posa ilikwisha kubaliwa, imebaki kupangwa siku ya nikaha tu.

Bibi, mzaa mama na khalati, hakuwa akicheka. Alikaa pembeni na tasbihi yake, nasi tukidhani haelewi kitu. Tangu babu alipochukuliwa nyumbani Unguja, muda mfupi baada ya Mapinduzi, asionekane tena, Bibi alikuwa mtu wa maneno machache. Nani aliyepeleka maneno ya babu kwa wakubwa? Swali hilo lilihamia London pamoja nasi, na hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya jasusi mmoja bwege, mwenye masharubu ya bandia yaliyomdondokea kwenye supu. Alitumwa kumchunguza mzee mmoja, akaishia kumpenda binti yake. Tulicheka mpaka machozi. Kisha jasusi akampigia magoti msichana bustanini, na Ami akatafsiri, safari hii kwa sauti yake mwenyewe:

"Nilikuwa nikija barazani kwa baba yako kila jioni. Nikinywa kahawa yake, nikicheka naye, kisha nikenda kuyasema aliyoyasema. Nilikuwa kijana, nimetishwa. Sikujua kama watamchukua."

Kwenye televisheni, jasusi alikuwa ameshanyamaza zamani. Msichana alikuwa akiimba.

"Hayo hayamo," akasema Bibi.

Sote tukamgeukia. Kumbe Bibi, aliyelelewa na baba Mwarabu wa Kimanga, alikuwa akizifahamu filamu zote tangu ya kwanza!

"Kiarabu nakisikia, Nassor. Huyu kasema nakupenda, basi. Hayo mengine umeyatoa wapi?"

Mtu huyu alikuwa akinikatia baklawa kwa mkono wake, akinipa kipande kikubwa. Mama alifunika mdomo. Khalati hakulia, aliuliza polepole, "Kahawa hiyo, nani alikuwa akikuletea?"

"Weye," akajibu Ami. "Ulikuwa ukipitisha sinia mlangoni. Sikupata kuona ila mkono."

Akavaa koti lake akatoka. Hakuna aliyemfuata, na hakuna aliyeigusa baklawa.

Siku hizi filamu ile ipo kwenye simu, maandishi ya Kiingereza chini. Wanangu huicheka na kunieleza kwa Kiingereza, kana kwamba mimi ndiye mgeni wake. Khalati, ambaye hakuolewa, huja kuitazama pamoja nasi. Ikifika bustanini, jasusi husema nakupenda, basi, kama Bibi alivyosema. Lakini midomo ya khalati huendelea kutikisika, akiyarudia maneno ya Ami Nassor mpaka mwisho, bila kuacha hata moja. Simkatizi. Ndiyo habari pekee tuliyowahi kuipata ya babu.